Kila Mkasi na Shati Lake

"Haya makubwa!" Betri, fundi simu, alifika kijiweni barazani kwa Pima-Tena macho yamegandia kwenye simu. "Gazeti linasema mifumo huria ya kuendeshea kompyuta ina matoleo mamia kwa mamia. Na mengi bure!"

Pima-Tena, mwenye baraza na cherehani, hakuinua kichwa. "Mamia ya nini? Kompyuta inawaka, inazima, basi. Si ungetosha mfumo mmoja?"

"Utatosha vipi na utengenezaji wake uko wazi? Yeyote anachukua, anageuza apendavyo. Wakigombania kitufe tu, huyu anahama na nakala yake, yule na yake."

"Watu wazima wagombanie kitufe? Hawana wake hao!"

Pima-Tena hakuwa na muda wa kompyuta. Mchana huo mama mkwe wake, kiongozi wa kwaya, angekuja kuchukua sare. Tangu Pima-Tena amwoe binti yake, mama yule humwita "huyo wa viraka", na hii ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kuheshimiwa. Kazi ilipomzidi, alikuwa amewapa wenzake watatu wa kijiweni karatasi ya kukatia shati, kila mmoja akainakili na kwenda kushona kwake. Walimwapia kwamba cherehani ni kukanyaga tu.

"Leteni mashati," Pima-Tena aliwaambia wote watatu walipokwisha kukaa.

La Betri lilikuwa na mifuko mgongoni.

"Mgongoni, Betri?"

"Usalama. Mwizi anategemea mbele."

"Mwizi ndani ya kwaya?"

"Hujawajua wale wa sauti ya pili wewe."

Spana, fundi magari, alicheka hadi akapaliwa. Lake lilifungwa kwa bolti. "Kifungo hukatika. Hii, mtu avute pumzi atakavyo, haing'oki. Kiongozi atatembea na spana namba kumi."

"Mnatia aibu," alisema Jaji, karani mstaafu wa mahakama, akakunjua shati la mkono mmoja. "Mkono unaoshika kitabu cha nyimbo unataka hewa."

"Mungu wangu! Si karatasi ilikuwa moja?" Pima-Tena alishika kichwa.

"Tumeiboresha!" walijibu kwa pamoja, kisha wakageukiana kubishania nani kaiboresha zaidi. Spana alinuna, akasogeza kigoda chake hatua mbili na kutangaza kwamba hicho sasa ni kijiwe kingine, cha watu wa bolti.

Ndipo mama mkwe akatokea.

"Shikamoo, mama," Pima-Tena alisema.

"Marahaba. Nani kakata haya?"

Vidole vyote vilimwelekea Pima-Tena.

"Karatasi ni yake, mama," alisema Jaji kwa unyenyekevu.

Pima-Tena alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama mkwe akaingiza mkono kwenye mfuko wa mgongoni. Akazungusha bolti. Akachungulia pale palipokosa mkono.

"Ovyo kabisa," alisema. "Bolti zibaki. Mfuko uhamie kwapani. Kola itoke, inabana sauti. Mwanangu, hebu nipe mkasi na hiyo karatasi, niwaonyeshe shati."

Mwanangu! Pima-Tena alimkabidhi mkasi kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga.

"Toleo la tano hilo, ukihesabu na karatasi yako," Betri alimnong'oneza. "Sasa umeelewa kwa nini yapo mamia?"

"Nimeelewa," alisema Pima-Tena. "Kumbe hao wa vitufe wake wanao. Na mama wakwe pia."