Ombi la Kuongezewa Ladha ya Nne kwenye Mbuni wa Mama

Kwa Mkuu wa Maabara ya Kuonja Kahawa,

Mheshimiwa,

Yahusu: Ladha tatu kwa watoto wanne

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, ila hakijielezi vya kutosha. Natumaini u mzima, na ulimi wako pia, maana ndio tunaoutegemea. Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa tatu wa yule mama aliyewaletea buni kwenye chupa yenye kifuniko chekundu. Mliionja, mkaandika ripoti ya ukurasa mmoja, mkaipiga muhuri. Tangu siku hiyo nyumba yetu haina amani.

Ripoti inasema mbuni ulioko nyuma ya nyumba ya Mama, kati ya kamba ya nguo na tangi la maji, ni wa mbegu kongwe, si chotara kama hii mipya ya siku hizi: mrefu, mvivu wa kuzaa, majani machanga rangi ya shaba. Hapo hatuna ubishi. Inaendelea kusema kwamba kahawa yake ina harufu ya yasmini, ladha ya limau, utamu wa asali, na "mwisho wenye uchungu kidogo, unaokaa mdomoni." Mheshimiwa, ukiutoa uchungu, hizo ni tatu. Sisi tuko wanne.

Kabla hujauliza: Mama yu hai, buheri wa afya, na sasa hivi yuko jikoni anakaanga buni. Tuliona tu tugawane mapema, tusije tukaaibishana msibani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Dada mkubwa, ambaye ni muuguzi, alichukua yasmini kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Kaka, mwalimu wa hesabu, akachukua limau. Asali ilikuwa yangu kwa haki kabisa, lakini kitinda mimba wetu, msusi, alilia. Amelilia kila kitu tangu utoto na hajawahi kukosa. Mimi nikabaki na uchungu kidogo, unaokaa mdomoni.

2. Utekelezaji. Kaka aligundua kwamba ladha haziji pamoja, zinafuatana. Kwa hiyo kikombe ni kimoja, na kinapita kwa zamu kila Jumapili saa nne asubuhi, mezani kwa Mama. Dada mkubwa ananusa tu, macho ameyafumba, kisha anakipitisha. Kaka anapiga funda la kwanza huku anaangalia saa. Kitinda mimba anakunywa katikati, na katikati yake haina mwisho. Kikinifikia mimi ni machicha. Nimekunywa machicha Jumapili kumi na moja mfululizo, mimi niliyewashonea wote hao nguo bila kumpunja mtu hata upindo.

Wiki iliyopita Dada mkubwa alikuwa na mafua, hakunusa kitu. Sasa anadai arudishiwe yasmini ya wiki ile, na anamshuku Kaka, kwa sababu alionekana akivuta pumzi.

3. Asili ya mbegu. Mmeandika "haijulikani." Dada mkubwa anasema bibi yake Mama alizawadiwa mbegu hiyo siku ya harusi. Mjomba anasema aliiiba kwenye shamba la mwajiri wake, punje saba ndani ya kilemba, na ndiyo maana alihama mji kabla ya staftahi. Naomba mwandike "alizawadiwa." Naupenda ukweli, ila mwizi hawezi kurithisha, na mimi nimeshasubiri sana.

4. Binti yangu ana mchumba. Wazazi wa kijana walikuja kutujua, wakauliza kwa adabu kila mmoja wetu amejaliwa nini. Kitinda mimba, ambaye mdomo wake hauna kifungo, akawaeleza. Walipofika kwangu walitazamana, wakasema watatujulisha. Hawajatujulisha. Nani ataoa kwenye uchungu unaokaa mdomoni? Wajukuu zangu, kama watakuwepo, watazaliwa wamekunja uso.

Kwa hiyo naomba muonje upya, polepole, mnitafutie ladha ya nne. Sina makuu. Chungwa litanitosha, au ndizi mbivu. Hata karanga nitaipokea kwa mikono miwili. Mkikosa kabisa, mpunguze limau, maana nimewahi kulionja kwa bahati mbaya na ni jingi kuliko haki ya mtu mmoja. Hilo nalo likishindikana, basi mthibitishe kwa maandishi kwamba yasmini hudumu sekunde tatu, limau na asali dakika moja, na uchungu robo saa nzima. Mimi hupima kitambaa kwa urefu, sipimi kwa rangi. Kwa urefu, mwenye kiwanja kikubwa ni mimi, na hao wengine waje waniombe njia ya kupita.

Wasalimie waonjaji wenzako wote, pamoja na karani wa muhuri. Mwambie wino wake ulikolea vizuri. Dada mkubwa, Kaka na kitinda mimba hawawasalimu, kwa kuwa hawajui kama nimeandika.

Wako mtiifu, mnywa machicha,
Fundi cherehani, mtoto wa tatu

Tanbihi: Mama ameikuta barua hii mezani na kuisoma yote, kwa sauti. Amecheka mpaka akakaa chini. Anasema chupa aliyowaletea ilikuwa ya asali, na hakuisuuza vizuri. Buni alizianika kwenye sinia la maganda ya limau anayokausha kwa ajili ya kikohozi, kisha akazihifadhi kwenye kabati la nguo, penye maua ya yasmini. Cha mbuni wenyewe ni ule uchungu tu. Kumbe mrithi pekee ni mimi! Nilikuwa nimeshasimama kwenda kuwatangazia wenzangu.

Mama akanishika mkono. Akasema kabla ya ripoti yenu alikuwa anakunywa kahawa peke yake, Jumapili baada ya Jumapili, miaka miwili, nasi sote tunaishi mji huu huu. Nimerudi kukaa. Nimeona aibu. Tafadhali usiongeze ladha wala usipunguze, na wenzangu wasijue. Ukilazimika kujibu, andika kwamba bado mnaonja.