Aliyepokea Sanduku

Jumatatu, 1 Agosti 1988. Nyasho, Musoma.

Nimeamua! Ijumaa tunakwenda likizo kisiwani kwetu, mimi na Dafroza, siku nne. Miaka thelathini na moja, huko Tanga nilikokuwa karani wa mkonge, nimemsimulia mke wangu ule ufuko: mchanga mweupe, miamba kama tembo waliolala, sauti ya maji mlangoni. Yeye ni mtoto wa Bunda, hajauona. Tumerudi Musoma tangu Pasaka na bado hajauona. Jana amesema, kwa upole, kwamba asipouona mwaka huu atajua haupo. Upole wake ndio unaonitisha.

Swali ni moja tu: tulale wapi? Kuna binamu yangu Hyasinta, mjane, hatua ishirini kutoka majini. Kuna Stanislausi, niliyesoma naye darasa moja, mwenye nyumba mpya ya bati. Mtu wa kawaida angechagua. Mimi nimewaandikia wote wawili, kila mmoja nikimwambia kwamba nitafikia kwake. Washindane.

Jumatano, 3 Agosti.

Majibu yote mawili yamekuja kwa mtumbwi wa Magige, mvushaji wetu. Hyasinta anaahidi kitanda kinachotazama ziwa, na sato wa kuchoma. Stanislausi anaahidi godoro la sponji, jipya, bado limo ndani ya nailoni yake. Miaka minne iliyopita tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni. Leo watu wanajadili unene wa sponji!

Nimechora jedwali: upepo, choo, visubi, samaki. Sare. Basi nitaziona nyumba zote mbili kwanza, kwa kisingizio cha salamu, ndipo nichague. Dafroza nimemwambia kila kitu kimepangwa.

Nimemweleza Pazi, fundi cherehani wa mtaa wa Mukendo, mzaliwa wa Pangani. Anasema ufuko usio na chumvi si ufuko, ni ukingo wa bwawa. Tena akaongeza kuwa mgeni hachagui kitanda. Huyu hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja.

Ijumaa, 5 Agosti. Kisiwani.

Maafa.

Mtumbwi uligusa mchanga, nikasimama nivute hewa ya utoto wangu. Mchanga ni mweupe, kama nilivyosema. (Miamba imepungua. Au mimi nimekua.) Nilipogeuka, Stanislausi alikuwa na sanduku letu kichwani, anapanda njia. Hyasinta alikuwa na kikapu chetu mkono mmoja na Dafroza mkono wa pili.

Ndipo nikakumbuka. Kwetu, aliyepokea mzigo wa mgeni ndiye mwenyeji wake. Kumnyang'anya ni kumwambia kwamba nyumba yake inanuka. Nililijua hili kabla sijajua kusoma.

Basi mke yuko kwa Hyasinta. Mimi niko kwa Stanislausi, nyuma ya kilima, ziwa halionekani hata kwa kupanda kiti. Na Dafroza alipanga nguo kwa uzito, si kwa mwenye nguo. Gauni zake zote zimo sandukuni kwangu. Suruali zangu zimo kikapuni kwake.

Jumamosi, 6 Agosti.

Stanislausi hataki nailoni ivuliwe. Watu wataaminije kuwa godoro ni jipya? Kila nikipumua, linajibu. Chakula: sangara asubuhi, sangara mchana. Niliulizia furu, wale samaki wadogo tuliowavua kwa ndoano za pini. Stanislausi alinitazama kama anayemtazama mtoto.

"Furu? Ulikuwaga wapi, Wenceslaus? Sangara alishawamaliza."

Mtu akikaa mbali sana, hata kitoweo chake hakimngoji.

Jioni nimemtembelea mke wangu kama mchumba, Hyasinta ameketi katikati yetu akichambua dagaa. Dafroza kavaa kitenge cha Hyasinta, mimi kaptula ya Stanislausi. Amesema ufuko ni mzuri kuliko nilivyosimulia, ila alitegemea kuuona pamoja na msimuliaji. Alisema bila kunitazama.

Lazima tulale nyumba moja. Nimepata mpango!

Jumapili, 7 Agosti.

Mpango: kufika upya. Nilimwambia Stanislausi kwamba napeleka nguo zikapate jua. Nikapanda mtumbwi wa Magige na sanduku, tukapiga kasia hadi nyuma ya mwamba, kisha tukarudi, mimi nimesimama mbele kama mtu atokaye Musoma. Hyasinta apokee tu, basi.

Sikuhesabu kwamba ibada ingekuwa imekwisha. Kisiwa kizima kilikuwa ufukoni. Stanislausi aliingia majini na suti yake. Hyasinta naye, amekunja khanga magotini. Hata katekista aliingia, sijui kwa nini.

Aliyewahi ni Dafroza. Alilishika sanduku, akalitua mchangani, akalikalia.

"Nimepokea," alisema. "Huyu ni mgeni wangu."

Stanislausi, maji yakimchuruzika, alipinga kwamba mgeni hapokei mgeni.

"Mgeni nani, shemeji? Mimi nimeolewa hapa. Nilichelewa tu kufika."

Katekista ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wote.

Hivyo hakuna aliyeshindwa. Hyasinta akatoa chandarua na sato. Stanislausi akatoa godoro. Tumepewa banda la nyavu, pale pale ilipokuwa nyumba ya baba, maji mlangoni. Nailoni aliivua Dafroza mwenyewe. Sasa ameketi mlangoni, miguu mchangani, ananiomba nimsimulie tena ufuko, huku anautazama.

Katika jedwali langu, banda halikuwemo.

Jumatano, 10 Agosti. Nyasho.

Tumerudi jana. Nimemwambia Pazi kwamba kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Akauliza mbona kaptula niliyovaa si yangu. Anaijua mishono ya mji mzima, yule.

Dafroza anataka turudi Krismasi. Ameniomba jambo moja tu: safari hii niandike barua moja, basi. Nimeahidi, nami ni mtu wa kutimiza ahadi. Barua ni moja. Nimeinakili mara tatu: ya Hyasinta, ya Stanislausi, na ya katekista.