Pazia la Chumba Nisichopewa

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta zote za ofisi zimebadilika. Programu mpya! Ya kuandikia, ya mahesabu, ya barua, zote zina sura nyingine. Kitufe cha kuchapisha kimehama. Nimekitafuta mpaka nikamwuliza mfagizi. Bosi ametangaza kwamba Ijumaa anayetaka asimame mbele ya kiwanda kizima cha magodoro aeleze mambo mapya. Atakayefana atakuwa mkuu wa mafunzo na atapewa kile chumba chenye mlango. Mlango! Mimi ninakaa ukumbini, nikipiga chafya idara nzima ya mauzo inajibu. Nimefika nyumbani, ulimi ukaniponyoka, nikamwambia mke wangu nimeshapewa.

Jumanne, 4 Machi

Balaa! Mke wangu kamwambia mama yake. Mama mkwe ni fundi cherehani. Kapiga simu kuuliza upana wa dirisha, anishonee pazia la ofisi. Nikamtajia vipimo. Ningefanyaje? Sasa chumba lazima nikipate, la sivyo uso nitauficha wapi? Mpinzani ni mmoja tu, Bi Miwani wa stoo, mtu anayesoma hata maelezo ya kiberiti.

Jumatano, 5 Machi

Akili zangu nyingine zinanitisha mwenyewe. Programu mpya ina mafaili ya pamoja: mwenzio akiandika kwake, wewe unasoma kwako hapo hapo. Na Bi Miwani anaandika hotuba yake humo humo, maskini! Nimeingia kimya kimya, nikajibanza pembeni mwa ukurasa. Yeye anaandika, mimi nasogeza kishale mstari kwa mstari na kunakili kwenye karatasi yangu. Sisomi, maana kusoma kunachelewesha mkono. Stoo iko ng'ambo ya ua, atanionaje? Ajabu moja tu: kila nikipumzika, naye anaacha kuandika. Kumbe tunafanana.

Alhamisi, 6 Machi

Bi Miwani kanikuta mlangoni, kaniuliza vidole vinaendeleaje. Nikamjibu havijambo. Akacheka peke yake akaenda zake. Wanawake wa stoo!

Pazia limefika. La bluu, lina pindo. Mama mkwe kalileta mwenyewe, na magoti yake yale mabovu. Kanishika mikono yote miwili akasema siku zote alijua nitafika mbali, hata pale mashangazi wa mke wangu waliponigunia. Chakula kimenishinda. Nampenda yule mama, jamani.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu! Aibu tupu! Nimejitolea kuwa wa kwanza. Nimeanza kwa madaha, mkono mmoja mfukoni. Nikafika pa mafaili ya pamoja, nikasoma kwa sauti kubwa kila nilichonakili: kwamba anayefungua faili huonekana kwa mwenye faili, kwa jina lake kamili na rangi yake, kwamba tangu Jumatano mwandishi ana mtu wa kijani pembeni mwa ukurasa, na kwamba kaka wa mauzo akichoka kunakili aseme tu, dada yake atamsubiri.

Salaale! Nilishamaliza sentensi ndipo nikaisikia. Washonaji walijigaragaza juu ya magodoro. Bosi alicheka mpaka akatoa machozi. Chumba kimekwenda kwa Bi Miwani, tena bila kura.

Jioni kanikuta nimejikunyata na mfuko wangu, akauliza mna nini. Nikamweleza yote, pazia, mama mkwe, magoti. Hakucheka. Alikwenda kwa Bosi kuniomba niwe msaidizi wake, eti hakuna mwingine kiwandani aliyewahi kufuatilia kila neno lake. Meza yangu kaiweka humo chumbani mwake, dirishani. Kisha akapanda kiti akalitundika pazia kwa mkono wake. Nilitaka kumshukuru, nikaishia kumshikia kiti.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe kaja kuona. Kalipapasa pazia, kafuta machozi, kamwita Bi Miwani katibu wangu. Bi Miwani kaitikia "Abee" na kumletea maji. Mungu ambariki.

Sasa nasikia Bosi anaandaa mpango wa kupandisha watu vyeo, kwenye faili la pamoja. Safari hii sirudii kosa. Kosa lilikuwa jina! Nimelibadilisha, sasa naitwa Mgeni. Nimeingia, nimetulia chini kabisa ya ukurasa. Tangu asubuhi Bosi ameandika sentensi moja tu: "Karibu, Mgeni, na pazia lako limependeza." Sijui anaongea na nani. Nimeinakili hivyo hivyo.