Mkuu wa Idara ya Baridi

Kinanda aliingia kwenye bustani ya michezo bila tiketi, kupitia mlango wa jikoni, begani kabeba kreti tupu ya soda. Mtu mwenye kreti haulizwi anakwenda wapi. Alipofika ndani aliitua, akajifuta jasho, akaanza kutafuta riziki.

Jua lilikuwa kali kama lina kisasi. Foleni ya treni ya angani ilijipinda kwenye uwanja wa saruji usio na mti hata mmoja, maana aliyeichora bustani ile alikuwa mtu wa mawazo makubwa, na kivuli ni jambo dogo. Watu waliolipa ili wafurahi walikuwa wanajipepea kwa tiketi zao na kufokea watoto kwa sauti ya chini. Kinanda aliwaonea huruma sana. Huruma yake ilikuwa na bei.

Hatua chache kutoka hapo aliona mlango ulioandikwa Huduma ya Kwanza. Akachungulia. Vitanda viwili, friji ya barafu, kiyoyozi kinanguruma, na hakuna mtu. Nesi alikuwa ameenda kula. Koti jeupe lilining'inia nyuma ya mlango bila kazi, na Kinanda hajawahi kuvumilia kuona kitu cha watu kikikosa kazi.

Alilivaa, akarudi kwenye foleni, akamchagua bwana mmoja mnene aliyekuja na mkewe na mama mkwe.

"Shikamoo mzee. Kizunguzungu kimeanza lini?"

"Marahaba. Sina kizunguzungu."

"Wote husema hivyo." Kinanda akamgeukia mke. "Mama, masikio ya mzee huwa na rangi hii?"

Mke aliyatazama masikio ya mumewe, pengine kwa mara ya kwanza tangu harusi. "Sasa ukisema hivyo, daktari, nami naingiwa na wasiwasi."

"Kipo chumba cha baridi. Ila nafasi chache, ni kwa wanaojiweza tu."

Bwana yule alikuwa na nyumba za kupangisha ambamo maji yalitoka yalipotaka. Neno "wanaojiweza" lilimponya nusu. "Mimi najiweza," alisema, akatoa pochi. Mama mkwe hakutajwa, akabaki juani kuwashikia nafasi.

Habari zikaenea, na ugonjwa nao. Kijana mmoja mwenye kifua kama kabati alijitangaza mgonjwa wa moyo. Chumba kikajaa hadi sakafuni, kila mmoja na kitambaa kibichi shingoni, ambacho Kinanda alikiita tiba ya mishipa. Malipo aliyatia kwenye kasha la bandeji.

Ndipo akaingia mama mmoja wa makamo, sketi imenyooshwa vizuri, kitambulisho kifuani, redio ya mawasiliano mkononi.

"Wewe nani kakuajiri?"

"Ofisi, mama."

"Ofisi ni mimi."

Kinanda alitazama dirisha. Lina nondo.

"Na haya malipo nani kayaanzisha?"

"Mimi, mama. Kwa majaribio."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Mwaka mzima naiomba bodi kitu kama hiki, wananijibu kwa vikao. Kumbe akili yenyewe ipo hapa." Akashusha sauti. "Nataka mkuu wa idara ya baridi. Mshahara upo, nyumba ipo."

"Nyumba ina kiyoyozi?"

"Viwili. Lakini bodi iko pale getini, inaangalia. Chukua mwavuli na ndoo ya barafu, kahudumie foleni bure, wakuone. Kasha niachie mimi. Mkuu wa idara habebi pesa mwenyewe."

Maneno ya aina hiyo Kinanda alikuwa amewaambia watu wengi maishani. Ajabu ni kwamba yakiambiwa yeye yalisikika matamu mno.

Akatoka. Aliwalowesha watoto vichwa, akawanywesha wazee maji, akawafunika kwa mwavuli huku yeye akiungua, na kila baada ya muda aliinama kwa adabu kuelekea getini. Hiyo ilikuwa kazi ya halali, na hakuipenda hata kidogo. Alipomfikia mama mkwe wa yule bwana, bibi wa watu alikuwa anayumba. Kinanda akatupa ndoo, akambeba mgongoni, akakimbia naye.

Nesi alikuwa amerudi, amesimama katikati ya umati uliolala kwenye vitanda vyake. Akamshusha mkubwa mmoja kitandani, akamlaza bibi, akamtia barafu kwapani. Baada ya kitambo bibi akafumbua macho, akamtazama mkwewe aliyetulia kwenye ubaridi, na mkwe akatamani kurudi juani.

"Na wewe nani?" nesi alimuuliza Kinanda.

"Mkuu wa idara ya baridi. Nimeteuliwa na mkurugenzi, yule mama."

"Mkurugenzi wetu ni mwanamume, kaka. Na yuko likizo."

Yule bwana wa nyumba za kupangisha akasimama, akitafuta mtu wa kumkasirikia. "Pesa zetu ziko wapi, daktari?"

Wagonjwa wote wakapona kwa pamoja, wakaziba mlango. Kinanda akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa nondo za dirisha. Kule nje aliiona teksi inageuza, na mama wa makamo kiti cha nyuma, kasha mapajani. Macho yao yakakutana. Mama akampa ishara ya heshima kwa kichwa, kama watu wa kazi moja wanavyopeana, halafu akapandisha kioo ili baridi isitoke.