Mtaalamu wa Mchicha wa Gongoni

Jumatatu, 6 Januari 1975

Mkutano wa tawi la chama leo. Katibu, Bwana Eustace, katangaza kila nyumba iwe na bustani ya mboga. Ukaguzi Jumamosi, tarehe 22 Februari. Atakayekutwa na ua mtupu ni kupe, na kupe atapandishwa treni mpaka kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Bukene, akalime shamba la pamoja hadi mavuno. Aliposema "kupe" alinitazama mimi. Kwa nini mimi? Miaka kumi na miwili nawashonea watu wa mtaa huu wa Gongoni hapa Tabora, katibu mwenyewe akiwemo. Suruali ile inambana, najua, lakini kosa ni la tumbo.

Jembe sijalishika tangu nizaliwe. Babu alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, baba aliuza kandambili, mimi nashona. Bukene siendi! Cherehani yangu haiwezi kubaki peke yake barazani.

Mke wangu Zamda anasema jambo lenyewe jepesi, nichimbe tu. Kuchimba! Mwenye akili hachimbi.

Jumapili, 12 Januari

Nimepanda! Viazi vitamu, tuta zima. Zamda angenituma mbali kutafuta mbegu, kumbe zilikuwamo jikoni: debe la matobolwa, vile viazi anavyovichemsha, akavikata na kuvianika juani tupate cha kunywea chai. Kiazi ni kiazi. Kukauka si hoja, hata mahindi ya mbegu hukaushwa. Nimefukia nusu debe.

Jirani yangu Mwanajuma alichungulia juu ya ua akauliza napanda nini. Huyu ni Mzaramo, mumewe yuko reli. Bustani yake imejaa mchicha, bamia na nyanya, na anaringa nayo kama kapewa medali. Nikamjibu asubiri aone. Akatazama tuta langu, akatazama debe, akaketi chini. Sikujua kucheka kunaweza kumkalisha mtu mzima.

Jumanne, 21 Januari

Mvua siku tatu mfululizo. Hakuna jani. Nimefukua: uji mtupu. Vile vya juu wamekula kuku wa mtaa.

Halafu Zamda akaja kutafuta matobolwa. Nikalazimika kukiri. Akaniuliza kama nilikusudia kupanda na zile karanga za kukaanga. Nikasema asinifanye mjinga. Karanga zenyewe nilikuwa nimekwisha kuzitia mfukoni, tayari kwa tuta la pili. Nimezila.

Jumamosi, 1 Februari

Akili imefunguka! Utani!

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walipita kwao na mizigo, wakachokozana njiani miaka na miaka mpaka ikawa ada. Mtani akichukua kitu chako huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, umevunja mila, na mji mzima utakucheka. Kwa hiyo bustani ya Mwanajuma, kwa sheria ya mababu, ni yangu pia. Nimehangaika na matuta ya nini mwezi mzima?

Lakini mboga ikichukuliwa mapema itanyauka. Nitangoja mkesha wa ukaguzi. Leo nimerudi barazani kushona, roho imetulia kabisa.

Ijumaa, 21 Februari

Baada ya sala ya alasiri niliingia kwa Mwanajuma na kapu. Mchicha, mashina arobaini, na mizizi yake. Nyanya, mashina sita yenye matunda. Yeye alikuwa barazani anasuka ukili. Akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nachukua changu, Mzaramo we! Alicheka. Akasema Wanyamwezi kwa kubeba mizigo hamna mfano, akanipa na debe la kumwagilia, akanikumbusha nisisahau bamia. Mwanamke bwege kama huyu sijapata kuona.

Nimepanda kwa mistari iliyopimwa kwa futi kamba yangu ya kushonea. Inchi sita sita, hakuna hata shina moja lililokwenda upande. Zamda kakataa kunishikia kamba. Eti hakipendi kicheko cha Mwanajuma. Wivu tu.

Jumamosi, 22 Februari

Ushindi! Ushindi mkubwa!

Katibu alikuja na wajumbe wawili. Mchicha ulikuwa umeinamisha vichwa kidogo. Nikaeleza kuwa ni aina ya kisasa, ndivyo unavyokaa. Katibu akapiga magoti kutazama mistari. Akasema hajaona bustani iliyonyooka namna hii Tabora nzima. Kisha akamwita jirani atoe ushahidi.

Mwanajuma akija kusema mboga ni zake, nimekwisha.

Akasalimia vizuri. Akasema, "Huyu ndugu yangu? Ninayoyajua yote kuhusu mboga kanifundisha yeye." Akaendelea kuwa naamka kabla ya adhana, kwamba nazungumza na nyanya zangu moja moja, kwamba mtu kama mimi kukaa mjini ni hasara kwa taifa. Alinisifu mpaka nikaona haya, na mimi si mtu wa kuona haya. Zamda alijiziba mdomo kwa kanga. Katibu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita Ndugu Lukumani, akaandika jina langu kwa wino mwekundu.

Maskini Mwanajuma. Kaibiwa mboga, na bado kamsifu mwizi! Mila ni kitu kizuri sana.

Jumatatu, 24 Februari

Nimekwisha.

Barua ya tawi imeletwa asubuhi. Kwa kuwa nimethibitika kuwa mtaalamu, nimeteuliwa kwenda kuwafundisha wanakijiji bustani hadi mavuno. Kijiji chenyewe? Kile kile, karibu na Bukene! Nilikimbia kwa katibu nikamuuliza kupe wangapi tutasafiri nao. Akajibu kwa furaha kuwa hawakupata hata kupe mmoja. Mtaa mzima umelima. Nitasafiri peke yangu.

Nilirudi mbio nikapiga kelele uani. Mwanajuma akachungulia, mpole kabisa: "Unanuna, mtani?"

Siruhusiwi kununa. Nikacheka. Nimecheka mpaka machozi, na machozi yenyewe yalikuwa ya kweli.

Zamda kakaa kwenye cherehani yangu, eti isishike kutu. Mchana alikuwa na wateja watatu. Mmoja ni katibu, kaja kuongezewa kiuno cha suruali.

Jumapili, 9 Machi, kijijini

Malengelenge kumi na moja. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Masolwa, anashikilia kuwa mtaalamu hufundisha kwa mkono. Kila asubuhi nalima tuta la kwanza, watu wazima arobaini wamesimama wananitazama na kutikisa vichwa kwa heshima. Jana mmoja aliomba nirudie, hakuona vizuri.

Lakini nimepata njia! Kilichonileta huku ni sifa, basi sifa itanitoa. Nimemwandikia katibu kurasa mbili kumsifu Mwanajuma. Kwamba amenizidi. Kwamba aletwe huku haraka sana ashike nafasi yangu. Na yeye aonje!

Barua zote hupitia kwa Mzee Masolwa kugongwa mhuri. Akataka nimsomee. Nikasoma kwa hisia. Mzee wa watu alilengwa na machozi. Akasema mwalimu anayemsifu mwanafunzi wake namna hii hajapata kutokea, na kama mwanafunzi ni hodari hivyo, je, mwalimu? Papo hapo akaongeza maneno chini ya barua, kuomba nisiondolewe mpaka mvua za mwakani zimalizike. Akagonga mhuri mara mbili.

Nimekaa nikatafakari, na kosa nimeliona. Nilimsifu mtu asiyehusika. Kesho naanza kumsifu Masolwa.