Swali la Kumi ni Langu

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Siku kubwa. Nimevaa tai. Ndeshi, mke wangu, ameniuliza kama kuna msiba. Nikamjibu kwamba msahihishaji wa mtihani wa fizikia wa shule tisa hawezi kwenda kazini shingo wazi. Akasema tai yenyewe ya mitumba. Nikatoka, nilikuwa nachelewa.

Tumekusanyika kwenye bwalo la shule moja hapa mjini. Mtihani ni wa majaribio, kidato cha nne, shule tisa zimeungana. Walimu kumi, maswali kumi, meza kumi. Karatasi inaanza meza ya kwanza, inasukumwa hadi ya kumi, na meza ya kumi ndiyo inayojumlisha alama zote. Meza ya kumi ni mimi! Swali la kumi nimelitunga mwenyewe. Na mwongozo wa majibu yake nimeuandika mwenyewe. Tofali linadondoka kutoka juu ya meza yenye kimo cha sentimita themanini. Tafuta kasi yake linapofika sakafuni. Jibu: mita arobaini kwa sekunde. Namba safi, haina desimali hata moja. Nilichora na meza yenyewe, na pembeni ya tofali chombo chenye ua la petali tatu. Fizikia nayo inahitaji urembo. Kwenye mtihani uliochapwa mchoro wameuacha. Mpiga chapa alisema maua hayapigiki taipu. Washamba.

Asubuhi yote tumepitia mwongozo swali kwa swali, ili wote tutoe alama kwa mizani moja. Kiongozi wetu ni Madam Evaresta, ambaye sijawahi kuyaona meno yake. Swali la tatu limebishaniwa saa nzima. Tulipofika la kumi wapishi wakaingiza pilau. Wote kwa pamoja wakasema liko sawa, tuendelee. Swali langu halikupingwa na mtu!

Sasa siri, maana shajara ni yangu. Nina tuisheni Ngarenaro, nyuma ya karakana ya seremala. Wanafunzi thelathini na wawili. Swali hilo niliwafundisha Juni, na mchoro wake, hadi wakalikariri. Sikuwaambia kwamba litatoka. Kwa hiyo si wizi. Siku hizi soko huria, kila mtu anapanga bidhaa yake nzuri mbele. Mwalimu Najim, yule wa meza ya tisa, ana tuisheni yake Sombetini, na mwaka jana alitundika bango kubwa: WOTE WAMEFAULU. Mwaka huu tutaonana.

Jumanne, 5 Agosti

Kalamu nyekundu mkononi tangu saa mbili. Kanuni alama mbili. Kuingiza namba alama nne. Jibu alama tatu. Kipimo alama moja. Arobaini, vema! Arobaini, vema, na ua limechorwa! Vijana wangu hao. Karatasi hazina majina, zina namba tu, lakini miandiko yao naijua kuliko sura zao.

Wengine, maskini, wameandika nne. Mita nne kwa sekunde! Tena ni wengi mno. Bila shaka ni watu wa Najim. Nawapa mbili za kanuni na moja ya kipimo, basi. Tatu, tatu, tatu. Mwanzoni niliwahurumia, baadaye nikazoea.

Jioni ukafika mwandiko wa Nalepo. Huyu ndiye wa kwanza katika darasa langu la Ngarenaro. Ameandika nne! Sasa nakumbuka, Juni aliinua mkono akauliza kama sentimita hazibadilishwi kwanza kuwa mita. Nilimwambia akae chini, asiwachanganye wenzake. Kumbe alikaa kwa mwili tu. Nikampa tatu kwa uchungu. Jumla yake yote: hamsini na saba.

Roho imeniuma kweli. Mama yake anauza ndizi Maji ya Chai. Usharika wao wa kanisani umeahidi kumlipia Nalepo kidato cha tano na cha sita, ila apate B ya fizikia kwenye mtihani huu. Barua hiyo naijua, mama yake aliniletea nimsomee, akanifanya niirudie. B inaanzia sitini na moja. Akiikosa, anarudi kwenye meza ya ndizi, na hakuna mwingine wa kumlipia. Zimepungua alama nne tu! Laiti angenisikiliza mwalimu wake.

Jumatano, 6 Agosti

Siku mbaya kuliko zote tangu nizaliwe.

Chai ya saa nne, Najim akaja kukaa karibu nami na andazi lake. Akaniuliza kwa upole mimi nakubali jibu lipi, nne au arobaini. Nikamwambia arobaini, kwa sauti, wengine nao wasikie. Akatafuna. Akasema basi hilo ni tofali la aina yake, maana arobaini kwa sekunde ni kilomita mia moja arobaini na nne kwa saa, na linalipita basi la Moshi likiwa limeanguka kutoka mezani tu. Nikacheka. Naye akacheka. Kisha nikaacha kutafuna.

Nikaenda chooni nikapiga hesabu kwenye kiganja kwa kalamu nyekundu. Sentimita themanini ni sifuri nukta nane ya mita. Mara kumi, mara mbili, kumi na sita. Kipeuo chake cha pili ni nne. Nikarudia. Nne. Nikarudia kwenye kiganja cha pili. Nne! Kubadilisha sentimita nafundisha mimi mwenyewe, kila Januari, kwa kidato cha pili, na huwa nawachapa wanaosahau!

Nilikaa humo hadi mlinzi akagonga mlango akiuliza kama nahitaji msaada.

Nimewaza hivi. Nikisema, watoto wangu thelathini na mmoja wanaporomoka, na Najim anapaka bango lake rangi mpya. Nikinyamaza, Nalepo anauza ndizi kwa sababu alikuwa sahihi. La kwanza siliwezi. La pili nalo limekataa kushuka tumboni. Ilipofika saa kumi hivi nikapata njia: nitanyamaza, ila nitamrekebisha Nalepo peke yake. Kila mtu anafurahi! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Ndeshi ameniangalia kwa mashaka.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda na wembe. Kila mwalimu anajua kwamba wino mwekundu hukwanguliwa kwa ncha ya wembe, taratibu, bila kupumua. Karatasi ya Nalepo nilikuwa nimeificha chini kabisa ya rundo. Nikaanza kuikwangua ile tatu. Kazi safi. Mguu mmoja wa tatu ukatoka.

Mara Najim nyuma yangu akaniuliza, "Vipi Mwalimu, unanyoa?" Nikashtuka. Wembe ukapita moja kwa moja. Tundu la ukubwa wa punje ya harage, na lilichochukua si tatu yangu. Limechukua nne yake! Jibu zima la mtoto wa watu limedondoka sakafuni. Nimelitafuta kwa magoti, nimewaambia watu kwamba nimeangusha kifungo. Madam Evaresta akasema shati langu lina vifungo vyote. Nimelipata chini ya benchi. Gundi sina. Mchana nikaliweka mahali pake kwa kipande cha ugali. Ugali ukagandisha kurasa mbili pamoja. Kuzitenganisha sikuthubutu.

Nikaona nibadili mbinu. Nikaenda kwa Madam Evaresta nikiwa nimekunja uso kama mtu aliyegundua jambo. Nikamwambia nasikitika, mpiga chapa ametuharibia swali la kumi. Mimi niliandika mnara wa mita themanini, yeye akachapa meza ya sentimita themanini. Kwa hiyo watoto wote hawana kosa, nne na arobaini zote zipewe alama kumi. Mnara wa mita themanini unatoa arobaini kamili! Nilikuwa nimepiga hesabu hiyo mara sita.

Akafungua faili akatoa nakala yangu, ile ya mkono. Meza. Sentimita themanini. Mchoro. Akauliza kama huko kwetu watu huweka chombo cha maua juu ya mnara. Kisha akapiga hesabu ya swali, sekunde tatu, akaweka kalamu mezani. Kesho ni Nane Nane, wenzangu wanakwenda kwenye maonyesho. Mimi nakuja hapa kurudia karatasi zote mia sita kumi na mbili kwa kalamu ya kijani. Yeye atakaa nami.

Ndeshi nimemwambia nimepewa jukumu maalumu.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu. Nimefika saa moja. Nne, vema. Nne, vema. Kila "vema" imenichoma.

Saa tatu akaingia Najim. Hakuna aliyemwita. Amekuja na chupa ya kahawa, akavuta kiti, akachukua nusu ya rundo. Nikamuuliza amekuja kunicheka? Akasema mwaka 1991 yeye alitunga swali ambalo jibu lake lilikuwa gunia lenye uzito chini ya sifuri, na hakuna aliyekuja kumsaidia. Sikujua nitazame wapi. Kahawa ilikuwa nzuri.

Madam Evaresta naye alikuwa akitenga karatasi chache upande mmoja. Nilidhani ni za mfano. Kumbe anatenga maua! Thelathini na moja. Chombo kilekile, ua lilelile, petali tatu. Akazipanga mbele yangu, akauliza wanafunzi wa shule tisa wamewezaje kuota ndoto moja, ilhali mtihani haukuwa na mchoro.

Najim akaanza kukagua kucha zake.

Madam Evaresta akasema hakuna la kujadili. Swali limevuja, linafutwa. Kila mtoto atahesabiwa juu ya tisini. Nikapiga hesabu papo hapo, na kwa mara ya kwanza wiki hii nikaipata. Nalepo bila swali la kumi ana hamsini na nne. Hamsini na nne juu ya tisini ni sitini kwa mia. B ni sitini na moja!

Nikasimama. Sijui ni nani aliyezungumza, lakini mdomo ulikuwa wangu. Nimesema yote. Juni, karakana ya seremala, mkono wa Nalepo, wembe, kifungo, ugali. Nikaitoa karatasi yake yenye tundu nikaiweka mezani. Nikasema huyu mtoto hakuiba, huyu alikataa kuibiwa akili na mwalimu wake. Ameandika sifuri nukta nane, tazama, mstari huu, wembe haujaufikia. Nikamwomba anifute mimi, asilifute swali. Machozi yalitoka. Tai nayo ilinisaidia.

Madam Evaresta alizitenganisha zile kurasa mbili kwa rula, polepole, akasoma mstari kwa mstari. Kisha akasema amesahihisha mitihani miaka kumi na tisa, na hajawahi kuona mwalimu anavujisha swali hadi wanafunzi wake wanashuka alama. Hao thelathini na mmoja wamejiadhibu wenyewe, watabaki na tatu zao. Swali litabaki.

Nalepo: kumi juu ya kumi. Jumla sitini na nne. Madam Evaresta ameiandika mwenyewe kwa kijani, akatia sahihi pembeni ya tundu.

Mimi nimeandika maelezo ukurasa na nusu. Ameyasahihisha sehemu mbili. Sitaitwa tena kutunga wala kusahihisha, na barua itakwenda kwa mkuu wangu wa shule. Mlangoni Najim alinishika mkono hakuuachia haraka. Nimetembea hadi nyumbani nikiwa mwepesi. Ndeshi nimemwambia kila kitu. Hakucheka. Amenipakulia mara mbili.

Jumapili, 17 Agosti

Matokeo yalibandikwa jana. Ya tuisheni yangu sitaki kuyaandika hapa.

Leo baada ya ibada amekuja Mama Nalepo na mkungu mzima wa ndizi. Nalepo nyuma yake, akaniamkia shikamoo bila kuinua macho. Usharika umetia sahihi! Kidato cha tano na cha sita, yote. Mama akanishika mikono yote miwili, akasema bila mimi mtoto wake asingefika popote. Nalepo akatazama dari.

Nilisikia aibu, naandika kweli. Nikaona nimweleze huyu mama ukweli wote, palepale mbele ya ndizi zake. Nilishafungua mdomo. Hapo akaongeza kwamba Maji ya Chai nzima imeona B ya mwanawe, wazazi wameshakutana, wanaomba Mwalimu Sylvanus akafungue tuisheni na kule. Wamepata hata chumba. Wanafunzi arobaini wamejiandikisha, na bado wanakuja.

Nikafunga mdomo.

Wameondoka saa tisa. Nimeitoa barua niliyopewa na mkuu wangu wa shule nikaisoma upya, mara tatu, neno kwa neno. Inanizuia kufundisha tuisheni ya fizikia hadi mwakani. Ya fizikia. Kemia haikutajwa popote.

Kemia sijaigusa tangu kidato cha nne. Nimempelekea Mama Nalepo ujumbe: darasa linaanza Jumatano.