Kilomita Tisa kwa Lita

Jumatatu, 3 Machi

Wiki imeanza vibaya, na mimi nimechoka tangu jana. Bosi katuita ofisini, mimi na Msomi. Msomi ni dereva wa pikapu ndogo. Tunamwita hivyo kwa sababu ya kalamu iliyoota sikioni na kijitabu kisichokauka mfukoni. Mimi ni dereva wa Mama Mkubwa, pikapu kubwa ya dizeli inayobeba mashine za kusaga ambazo karakana yetu inatengeneza. Miaka kumi na moja niko naye. Mke wangu anadai asubuhi namwamkia Mama Mkubwa kwanza. Si kila siku.

Bosi kasema Mama Mkubwa anakunywa mno. Nikamwonyesha karatasi ya muuzaji, naitunza ndani ya nailoni: kilomita kumi na moja kwa lita. Msomi akakohoa, akafungua kijitabu. Eti amepima mwezi mzima. Sita na robo! Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba namba ya muuzaji ni ya gari tupu kwenye lami tambarare, na dereva asiyeacha injini ikinguruma saa nzima ili asinzie kwenye kiyoyozi. Nani kamtuma?

Hukumu: asipofikisha tisa Ijumaa, Mama Mkubwa anauzwa. Mimi napewa guta, lile la matairi matatu la kupeleka bolti na mikanda kwa wateja. Mtu mzima mimi. Na mgongo huu.

Jumanne, 4 Machi

Kumpunguza uzito. Ndio mpango. Alfajiri nimetoa tairi la akiba, jeki na kiti cha nyuma, nikavipanga sebuleni. Mke wangu kauliza kama yeye ndiye anahamia gereji au gereji ndiyo inahamia kwake. Nikasema ni siku nne tu. Akasema hata mama yangu alikuja kwa siku nne.

Barabarani nikajibanza nyuma ya lori la saruji linikinge upepo. Upepo haukunigusa, moshi ulinigusa. Kiyoyozi nimezima. Madirisha nimefunga, maana upepo ukiingia unavuta gari nyuma. Jasho lilifika kwenye soksi. Lakini kioo cha dashibodi kikaandika kumi na moja! Nikacheka peke yangu. Kumbe ulikuwa mteremko. Kwenye mlima kikaandika tatu, nikakifunika kwa kitambaa.

Saa saba, pancha. Tairi liko sebuleni. Jeki iko chini ya meza ya chai.

Aliyeniletea ni Msomi, juu ya guta. Mke wangu kampa na kiti cha nyuma, pamoja na ujumbe kwamba mgeni huyo hakuaga vizuri. Msomi akafungua kijitabu, akaandika. Angesema neno ningepumzika.

Jumatano, 5 Machi

Kipimo rasmi kimeanza leo jioni. Utaratibu ni wa Msomi, bila shaka. Tumejaza tangi kituoni mpaka dizeli ikaonekana shingoni, halafu Msomi akapanda nyuma na kuruka-ruka ili mapovu yatoke, tukaongeza tena. Mtu na elimu yake anaruka kwenye gari mbele ya watu. Dada wa kituo cha mafuta akauliza kama tunamtoa mashetani.

Kesho na Ijumaa nafanya kazi kama kawaida. Ijumaa jioni tunajaza tena mpaka shingoni. Lita zitakazoingia ndizo alizokunywa. Hakuna pa kupenya.

Nimekaa kitandani nikifikiri. Sijui nitaishije bila gari lile. Nimeshamwambia mama mkwe kila sikukuu kwamba karakana nzima inanitegemea mimi na Mama Mkubwa. Mama mkwe akiniona kwenye guta nitajificha wapi? Guta halina hata mlango.

Alhamisi, 6 Machi

Pa kupenya papo. Kinachopimwa ni kinachoingia Ijumaa. Kikiingia kingine kabla ya hapo, nani atajua?

Shemeji yangu ana trekta na pipa la dizeli. Nimemwendea wakati wa chakula cha mchana na dumu la njano la jikoni, la lita ishirini. Kaniuliza ya nini. Nikasema ya taa. Akasema kwake hakuna taa ya lita ishirini, lakini akajaza. Nikamwambia asimwambie dada yake. Akasema dumu lenyewe litamwambia.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikusudia kumimina nusu. Nusu ingenipa tisa na ushee, nikae kimya na maisha yangu. Ila nilipokuwa nyuma ya ghala nikajiuliza, nusu nyingine nairudisha wapi? Nyumbani itanuka. Nikamimina yote. Kidogo kilimwagika kwenye suruali.

Jioni, kituoni. Msomi karuka, kaongeza, karuka tena. Lita kumi na nne tu! Tulikuwa tumetembea kilomita mia mbili na tano. Msomi akapiga hesabu mara tatu, akabadilisha kalamu, akapiga ya nne. Kumi na nne na nusu kwa lita. Hata karatasi ya muuzaji haikuthubutu.

Akanusa hewa upande wa suruali yangu. Nikasogea.

Bosi kanipa mkono, kanishika bega, kasema mwenye macho haambiwi tazama. Macho yangu yalilowa, sikuona haya. Mama Mkubwa ni wangu.

Halafu akasema kesho tunapeleka mashine mpya kwa mteja wa mbali, kilomita mia mbili na sabini. Yeye mwenyewe anakuja. Na kwa namba hizi, tangi lililojaa linatosha kwenda na kurudi mara mbili.

Nimekosa hamu ya kula. Mke wangu amekosa dumu lake la maji, limerudi likinuka dizeli.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ndefu kuliko zote tangu nizaliwe.

Kwenda kulikuwa milima na mzigo. Bosi alikaa kushoto kwangu na mfuko wa karanga, akinisifu. Kila akinisifu mshale unashuka. Tumefunga mashine, tumenywa chai, tukageuza.

Kilomita ya mia nne na kumi, taa ya mafuta ikawaka. Bosi kauliza. Nikamwambia taa hiyo ina kiherehere. Mbele kulikuwa na kituo cha mafuta. Bosi akasema basi tuongeze kidogo, hakuna ubaya. Mwili wangu wote ulisema ndiyo. Mdomo ukasema, bosi, tukiongeza Msomi atapata la kuandika. Tukapita. Nilikitazama kituo kile kwenye kioo cha pembeni mpaka kikapotea.

Kilomita ya mia nne na sabini, Mama Mkubwa akakohoa mara mbili akanyamaza.

Bosi akamaliza karanga alizokuwa nazo mkononi. Akauliza, taratibu, lita ngapi. Sikujidai sielewi, nilikuwa nimechoka. Nikasema ishirini, kasoro za kwenye suruali. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikataka kumwambia kilomita mia nne na sabini si fupi.

Msomi alifika baada ya saa moja na nusu na pikapu ndogo. Dizeli kaileta ndani ya dumu la njano. Kalipitia nyumbani kwangu. Mke wangu kasema tubaki nalo huko huko.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Mkubwa hauzwi. Msomi ndiye aliyemtetea! Kaonyesha kwenye kijitabu kwamba mzigo wa Jumamosi ungeichukua pikapu ndogo safari tatu, na kwamba sita na robo ni namba ya heshima kwa gari linalobeba chuma kila siku. Bosi kasema ningesema ukweli tangu Jumatatu, au ningezima tu injini wakati wa kusinzia, tungekuwa tumemaliza. Tatizo halikuwa gari.

Kwa hiyo Mama Mkubwa anabaki, na Msomi ndiye dereva wake. Pikapu ndogo anaiendesha fundi mmoja wa karakana. Asubuhi nimempa Msomi funguo. Nikamwambia mlango wa kushoto unataka kubembelezwa. Akaandika. Iliniuma kuliko nilivyotarajia, nikaenda kuosha uso.

Mimi niko kwenye guta. Mgongo unajua kila tuta la mji huu. Nimempita mama mkwe sokoni, akanipungia.

Mchana Msomi kaja na kijitabu. Eti karatasi ya muuzaji wa guta inasema thelathini na tano kwa lita, yeye kapata ishirini na sita tu, na Ijumaa tunapima upya. Nikamwambia atashangaa.

Nimelitazama tangi la guta. Dogo sana. Chupa mbili za maji zilizojaa petroli zinatosha, na chupa mke wangu hahesabu.